Nyuzi Nne

Tumbo lake baridi, mgongo wake moto,
halali, hali, umeme tu hunywa tone kwa tone:
ndiye abiria wetu wa tano,
kafungwa mikanda miwili nyuma ya kiti cha Wendel,
na kuliko sote ndiye aliyetugharimu nauli.

Anselm alipoileta nyumbani nilinuna siku tatu.
Bei ya friji ile ingeezeka banda,
na banda mpaka leo linavuja.
"Utaona," akasema, "tukishapita Marree utaona."
Nitaona nini? Friji ni friji,
hata ukiivisha koti la turubai.

Sasa tumepita Marree.
Barabara imejikunja kama ubao wa kufulia,
meno yanagongana, vijiko vinagongana,
vumbi jekundu limeupata mkate ndani ya mfuko wake,
na kila baada ya saa moja namgeukia Tilda:
"Inasoma ngapi?"
"Nne, mama."
Nne. Haya, twende.

Chini kabisa, soseji za moshi kutoka Tanunda.
Juu yake maziwa, siagi, nusu ya tikiti,
na bia tatu za Anselm zilizojificha chini ya kabichi
kana kwamba mimi sina macho.
Pembeni, kisanduku chenye kifuniko cha buluu:
kalamu tano za insulini.
Hapo hakuna anayetania.

Wendel ana miaka tisa.
Huhesabu wanga ulio kwenye kipande cha mkate
kama wenzake wanavyohesabu mabao.
Zamani safari zetu zilifungwa kamba shingoni:
mji, barafu, mji, barafu,
na kabla jua halijatua barafu imekuwa maji,
soseji zinaogelea,
nami nimeshika kipimajoto kama mkunga.
Siku mbili, tunageuza gari.
Wengine wanaendelea kaskazini, wanatupungia mikono.
Yeye hakulalamika hata mara moja.
Hilo ndilo lililonichoma.

Usiku wa tatu niliamshwa na kimya.
Mngurumo ule unauzoea kama mkoromo wa mume;
ukikatika tu, umeshakaa kitako.
Nikatoka hemani miguu mitupu,
mchanga baridi kama sakafu ya kanisa.
Taa ya kijani haipo.
Mahali pa waya wa friji pana waya mwingine, mwembamba, wa waridi:
tabuleti ya Tilda inashiba.

Nikachomeka upya. Ikakohoa, ikanguruma.
Tisa.
Dawa haifi kwa nyuzi tisa, najua,
muuguzi ameniambia hadi amechoka;
lakini mikono haikusoma, ilitetemeka vilevile.
Nikapanda nyuma ya gari, nikaegemea pale inapotoa joto,
na lile joto, lililofukuzwa kwenye maziwa na siagi,
likanipanda uti wa mgongo taratibu.

"Iko ngapi?"
Wendel, na blanketi kichwani.
"Nane."
Akajibana kando yangu. Hakuuliza nani kakosea.
Tukakaa tukiitazama namba kama watu wanaosubiri uji uive.
Saba.
Nyota zilikuwa nyingi kupita kiasi; hatukuziangalia.
Sita. Ikagoma kwenye sita muda mrefu.
"Mama, ziwa la chumvi liko mbali?"
"Kesho, na nusu ya keshokutwa."
"Na tutafika?"

Nilizoea kujibu swali hilo kwa swali.
Safari hii nilingoja, mgongo wangu kwenye mgongo wake,
mpaka namba ikageuka, kisha ikageuka tena.
"Tutafika," nikasema.

Alipokwisha lala nikainua kifuniko upesi, upesi nikakifunga.
Chini ya kabichi sasa kuna bia mbili.
Anselm hawezi kuuliza:
hazikuwepo.